Kumpeleka na kumfuata mtoto shule: mwongozo kwa mzazi anayeanza

Kila Januari shule zikifunguliwa, wazazi wa mtaani kwetu Tabata, Dar es Salaam, wananiletea maswali yaleyale. Akilia getini nimfanyeje? Niondoke kimyakimya asinione? Nimlipie gari la shule au nimpeleke mwenyewe? Mbona akitoka nikimuuliza habari za shule ananijibu "sijui"? Mimi si mwalimu, ni fundi cherehani. Kibanda changu kiko jirani na nyumbani, ndiyo maana nimeweza kuwapeleka na kuwafuata wanangu wawili kwa miguu tangu chekechea. Mkubwa sasa yuko darasa la nne. Mdogo yuko awali, na kesho asubuhi tunakwenda tena.

Niseme mapema: hizo safari mbili, ya asubuhi na ya mchana, nazipenda kuliko kitu kingine chochote katika siku yangu. Wengi wanazichukua kama kazi ya kumalizwa haraka ili siku ianze. Nami nilianza hivyo. Kwa yule mkubwa nilipoteza karibu nusu mwaka: kiatu kimoja hakionekani, shati bado bichi, nagomba mlangoni, namkokota barabarani, namwacha getini macho mekundu, kisha nafika kibandani moyo mzito. Mtoto hakuwa na kosa. Mimi ndiye sikuwa nimeacha hata dakika moja ya kufurahi naye.

Mwongozo huu ni wa mtoto wa miaka 4 mpaka 6 hivi: chekechea, darasa la awali na mwanzo wa darasa la kwanza. Kwa ndugu zetu wa Kenya ni PP1, PP2 na Gredi ya 1. Nimeandika kwa anayetembea au anayepanda daladala. Mwenye gari atachukua kinachomfaa.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Sare jozi mbili. Moja mwilini, moja kwenye kamba. Jozi moja itakutesa, hasa miezi ya masika, nguo zinapogoma kukauka.
- Viatu vya kubandika, si vya kamba. Mtoto akiweza kujivalisha mwenyewe, umeokoa dakika tano na ugomvi mmoja.
- Begi dogo linalomtosha mgongoni. Jina lake liandike au lishone ndani, upande wa mfuniko. Usiliandike nje kwa herufi kubwa: mtu asiyemjua atalisoma na kumwita kwa jina, na mtoto mdogo humwamini anayemwita kwa jina.
- Chupa ya maji na kopo la kitafunwa ambavyo anaweza kufungua kwa mkono wake. Mjaribishe nyumbani. Nimemwona mtoto akirudi na chapati yake nzima kwa sababu kifuniko kilimshinda na aliona haya kumwambia mwalimu.
- Malapa na kitambaa cha kufutia miguu kwa siku za mvua. Anatembea na malapa, viatu vinakaa kwenye mfuko. Mkifika shuleni ananawa bombani, anajifuta, anavaa.
- Watu wawili wa akiba wanaoweza kumfuata siku usipoweza. Wapeleke shuleni ana kwa ana, mwalimu awaone sura, namba zao ziandikwe.
- Neno la siri la nyumbani. Yeyote anayetumwa kumchukua lazima alijue. Letu ni jina la kuku wa bibi yake, na halijawahi kusahaulika.

Usafiri wa kukodi nauzungumzia kwa kifupi. Gari la shule halina ubaya, ila mpande wewe mwenyewe mara moja kabla hujalipa, uone kama kila mtoto ana kiti na kama kuna mtu mzima wa kuwashusha na kuwavusha. Bodaboda kwa mtoto wa umri huu sahau kabisa; kanuni za usafirishaji za Tanzania zinakataza kupakia mtoto wa chini ya miaka 9 kwenye pikipiki, na hata zisingekataza, miguu yake haifiki pa kukanyagia.

Hatua ya 1. Pimeni njia siku ya Jumamosi

Kabla shule hazijafunguliwa, tembeeni kutoka mlangoni kwenu mpaka getini kwa mwendo wa mtoto. Usimhimize. Angalia saa mnapoondoka na mnapofika. Njia yetu mimi peke yangu naimaliza kwa dakika 12. Na mtoto wa miaka mitano ni 25, kwa sababu kuna mbuzi wa kuangaliwa na kuna mtaro wa kurukwa. Hizo 25 ndizo za kupangia siku, wala usijidanganye na zile 12.

Siku hiyohiyo mwonyeshe mahali utakaposimama ukija kumchukua. Pawe mahali pamoja tu, pasipobadilika: mti, nguzo, kona ya ukuta. Kwetu ni mwarobaini ulio mkabala na geti.

Hatua ya 2. Malizeni kila kitu usiku

Sare imepigwa pasi na kutundikwa, soksi zimo ndani ya viatu, begi liko mlangoni, daftari limesainiwa. Umeme una tabia ya kukatika asubuhi ile ile unayoutegemea, kwa hiyo pasi ni ya jioni. Mpe mtoto kazi moja iwe yake kabisa. Mwanangu anapanga viatu: cha kushoto kushoto, cha kulia kulia, kama vile kuna mtu asiyeonekana amesimama ndani yake. Anaifanya kwa makini mno, na asubuhi ndicho kitu cha kwanza anachokwenda kukagua.

Hatua ya 3. Mwamshe mapema, kisha umwache

Sisi tunatakiwa getini saa 1:15 asubuhi. Namwamsha saa 11:45, yaani saa moja na nusu kabla. Watu wananiambia namwonea. Lakini robo saa ya kwanza simwambii chochote. Anakaa kwenye mkeka amejifunika kanga ya mama yake, anaangalia tu. Mtoto aliyeamshwa na kuvalishwa hapohapo analia si kwa ajili ya shule, analia usingizi. Baada ya hapo uji au chai na kiazi, kuoga, kuvaa, choo. Choo kabla ya kutoka, kila siku, hata akisema hana haja.

*Onyo:* televisheni na simu zisiwashwe asubuhi. Ukishawasha katuni, kuzima kwake ni msiba wa dakika kumi.

Hatua ya 4. Njiani: mkono, salamu na kitendawili

Kwanza usalama, halafu raha. Magari yetu yanapita kushoto, kwa hiyo pasipo na njia ya waenda kwa miguu tembeeni upande wa kulia wa barabara, mkiyatazama magari yanayokuja. Hapo barabara inakuwa kushoto kwako, basi mtoto ashike mkono wako wa kulia, mbali na magari. Mshike kifundo cha mkono, si vidole. Vidole vya mtoto vinachomoka kama samaki. Kuvuka ni kwenye zebra, na msivuke mpaka gari limesimama kweli, hata kama dereva amewapungia mkono. La upande wa pili nalo lisimame. Mvua ikijaza barabara, msikanyage maji msiyoyaona chini yake, kwani mitaro mingi haina mifuniko.

Mkisharuhusika kupumua, kuna mengi. Shule ya kwanza ya mtoto ni njia hii. Mwanangu alijifunza "shikamoo" kwa kuitumia: kwa mzee wa duka la mkaa, kwa mama wa vitumbua, kwa mlinzi wa ghala. Mwanzoni alikuwa akijificha nyuma ya suruali yangu. Sasa ni yeye anayetangulia kuita, na mzee wa mkaa asiposikia anarudia mpaka marahaba itoke.

Kisha tunategana vitendawili. Namwambia "Kitendawili!" naye anaitikia "Tega!" kwa sauti ya kugeuza watu. Asubuhi moja jua likiwa mgongoni kwetu, vivuli virefu mbele yetu, nikamtega: kila niendapo ananifuata. Akafikiri, akasema mbwa. Akasema nzi. Akashindwa. Nikamwambia basi nipe mji. Akanipa Korogwe, kwa bibi. Nikaenda Korogwe, nikala maembe ya bibi yote nikamaliza, nikarudi nikamwonyesha chini: kivuli. Alisimama katikati ya njia akainua mguu mmoja, kivuli nacho kikainua. Akainua mkono. Tulichelewa dakika tatu siku ile, na zilikuwemo ndani ya zile 25.

Mchana tulipokuwa tunarudi, jua la saa sita liko utosini, akatazama chini akaniambia kwa huruma, "Baba, kivuli changu kimenywea."

Kama hujui vitendawili, waulize wazee wako. Au hesabuni bajaji. Au imbeni namba yako ya simu mpaka aikariri. Wangu aliimba yangu kwa wiki mbili, na sasa ukimwamsha usiku wa manane atakutajia. Jina lake kamili na jina la shule pia.

*Onyo:* usimtishie mtoto na shule njiani. "Ngoja nikakusemee kwa mwalimu" ukiisema saa 12:50, saa 1:15 usimshangae akigoma kuingia.

Hatua ya 5. Kuaga getini

Hapa ndipo maswali mengi yanapotoka, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Chuchumaa, macho yenu yalingane. Mguse: mimi natengeneza kola, ni mkono wa fundi, hauwezi kupita kola iliyokunjika. Mwambie maneno machache, yaleyale kila siku. Yetu ni haya: "Nakwenda kazini. Mkishakunywa uji, mkacheza, mkafunga mabegi, utaniona kwenye mwarobaini." Mtoto huyu hajui saa sita ni nini, lakini anajua uji unakuja, kucheza kunakuja, kufunga begi kunakuja. Ahadi yako ifunge kwenye vitu anavyoviona. Kisha tano moja ya mkono, mkabidhi kwa mwalimu wa zamu, simama, geuka, ondoka. Yote hayo hayazidi kuhesabu mpaka thelathini.

Usimtoroke. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu nililifanya. Yule mkubwa alipokuwa analia, shangazi yangu alinishauri nisubiri atazame pembeni nichomoke, naye "atasahau". Nikachomoka. Kesho yake alinishika suruali kwa mikono miwili tangu uani kwetu mpaka getini, hakuachia hata kuvuka mtaro. Usiku alikuwa akiamka kunipapasa kama nipo. Ilinichukua zaidi ya mwezi kuaga kwa ukweli kila asubuhi mpaka akaamini kwamba nikiwa naondoka, nitamwambia. Machozi ya kuagana yanakauka baada ya dakika chache. Woga wa kuachwa bila kuambiwa unakaa.

Na ukishaaga, usirudi. Mzazi anayeaga, anatembea hatua kumi, anageuka, anarudi kumbembeleza, anaaga tena, amemfundisha mtoto kwamba kilio kinamrudisha. Kama moyo wako hautulii, zunguka nyuma ya ukuta usikilize. Nimesimama pale mara nyingi nikisikia kilio kinapungua, kinakuwa kwikwi, kisha nasikia sauti yake katika "Shikamoo mwalimuuu" ya darasa zima.

*Onyo:* asubuhi si wakati wa kumweka mwalimu kikao. Ana watoto wengi mlangoni. Sema moja la muhimu, "Mwalimu, leo hakulala vizuri, jino linamsumbua," na mengine uyaweke mchana.

Hatua ya 6. Fika kabla ya kengele

Fika dakika kumi mapema na usimame palepale mlipokubaliana. Simu iwe mfukoni.

Sababu ni hii. Geti linafunguliwa, watoto wanamwagika, na katika ule wingi wa sare zinazofanana kuna uso mmoja unaotafuta. Macho yanapita kwa watu wazima mmoja mmoja, si huyu, si huyu, nyusi zimekunjika kidogo. Halafu unaonekana. Uso mzima unafunguka. Begi linarukaruka mgongoni, soksi moja imeshuka kifundoni, chaki shavuni, viatu vilivyopangwa kwa makini jana usiku sasa vimevaliwa kinyume, na anakuja mbio kana kwamba hamjaonana mwaka. Inachukua nukta tatu au nne, na ukiwa umeinamia simu imekupita.

Hatua ya 7. Usimuulize kitu kwanza

Mpe maji. Mpokee begi akitaka. Mtazame, mfurahie, tembeeni. "Umejifunza nini leo?" ni swali la mkaguzi, na mtoto aliyechoka hulijibu "sijui" au "hakuna". Subiri mpaka mfike nusu ya njia. Kama bado kimya, uliza dogo linaloonekana: leo nani alikaa karibu na wewe? Nani alilia? Uji ulikuwa wa moto?

Wangu huanza mwenyewe, na haanzi kwa habari kubwa. "Baba, leo mwalimu amekohoa." Ah, amekohoa? "Eeh. Mara mbili." Ukiipokea habari hiyo kwa heshima yake, baada ya kona mbili utaambiwa nani kampokonya penseli.

Hatua ya 8. Njia ya kurudi iwe yake

Asubuhi wewe ndiye mwenye saa. Mchana mpe yeye usukani, kadiri kazi inavyoruhusu. Kwetu kuna mkungu mkubwa kando ya njia, na kungu zikianguka lazima tuokote, tutafute jiwe, tugonge, tugawane kile kiini chembamba. Siku ya Ijumaa tunanunua barafu ya ukwaju, Ijumaa tu, na kwa sababu ni Ijumaa tu huanza kuitaja Jumatano. Dakika 25 zinakuwa 40. Najua si kila mtu anazo. Anayefanya kazi mbali, Kariakoo au bandarini, hawezi kuwa getini saa sita. Basi chagua siku moja, hata ya zamu au ya ruhusa, umwambie mtoto siku hiyo ni yenu, na uitunze kama miadi ya hospitali. Na asubuhi za siku nyingine, zile nukta thelathini za kuchuchumaa zinatosha sana.

Yakikwama

*Wiki ya tatu bado analia getini.* Wengine huchukua hata mwezi. Usibadili utaratibu, maneno yaleyale, mti uleule. Muulize mwalimu analia kwa muda gani baada ya wewe kuondoka. Kama ni dakika tano, endelea. Kama ni asubuhi nzima, omba ukae naye darasani siku moja mbili, au apelekwe na mtu mwingine wa nyumbani kwa wiki moja. Wapo wanaomlilia mama lakini kwa babu wanaaga vizuri.

*Alikuwa anapenda, ghafla hataki.* Hili usilipite. Mara nyingi ni choo kichafu, au mwenzake anampiga, au kaaibishwa darasani. Muulize jioni mkiwa mnafanya kitu kingine, usimkalishe. Nenda shuleni wakati wa mapumziko ujionee. Ukiona alama mwilini, woga wa mtu fulani, au kukojoa kitandani kulikokuwa kumeisha, ongea na mwalimu mkuu siku hiyohiyo. Ipo pia namba 116, simu ya huduma kwa mtoto, inayopigwa bure Tanzania na Kenya.

*Anachomoka mkono na kukimbia.* Simameni. Usimpigie kelele mkiwa mnaendelea kutembea. Mnasimama, mnasubiri, mnashikana tena, ndipo mnaendelea. Kuchelewa kwa sababu hiyo ni halali.

*Umechelewa kumfuata.* Siku moja mteja alinishika na nguo ya harusi, nikafika baada ya dakika 40. Nilimkuta kwenye benchi la mlinzi, begi mgongoni, mikono yote miwili imeshika kamba za begi, anatazama geti. Hakuwa analia. Aliniambia, "Nilidhani umesahau mti." Nilikaa kwenye lile benchi nikamwambia: nimechelewa, umenisubiri, kosa ni langu, pole mwanangu. Usilete hadithi ya foleni. Tangu siku ile, nikiona dalili ya kuchelewa napiga simu shuleni mapema, mwalimu amwambie baba yuko njiani, na nampigia mmoja wa wale watu wa akiba.

*Anatoka amechoka, analia bila sababu.* Ameshikilia adabu tangu asubuhi, na kwako ndipo anapoiachia. Mbebe mpaka kona, mpe maji, fupisha njia. Kama jioni anakwenda madrasa, alale kwanza.

*Hataki tena kushikwa mkono mbele ya wenzake.* Utakapofika huko usihuzunike. Mkubwa wangu alipoingia darasa la pili alianza kuuachia mkono wangu kwenye kona ya mama wa vitumbua, hatua kama thelathini kabla ya geti. Tukakubaliana: barabarani anashika, akipita kona anaachia. Mchana hutoka na wenzake, wananipita pale mwarobaini wakipiga kelele, nami nawafuata kwa nyuma na mdogo wake. Akifika kwenye kona ile anawaaga, anasimama, ananisubiri, ananipa begi.